Nani Aliwakalisha Mashabiki wa Uskoti?

Wengi wa huku Afrika Mashariki walianza kuifuatilia Celtic, klabu ya Glasgow huko Uskoti, kwa sababu ya Victor Wanyama. Novemba 2012 Mkenya huyo aliruka juu ya mabeki wa Barcelona, akapiga kichwa mpira wa kona, na Celtic wakaondoka na ushindi wa 2-1. Tangu hapo mechi za Glasgow zina watazamaji wao kwenye vibanda umiza, na kamera ikipita kwenye pembe moja ya Celtic Park ubishi unaanza. Pale mashabiki wamesimama dakika zote tisini huku viti vipo mbele ya macho. Mmoja atasema Uingereza ilipiga marufuku kusimama uwanjani tangu maafa ya uwanja wa Hillsborough, England, mwaka 1989. Mwingine atasema basi hao wanavunja sheria na polisi wanawaogopa. Wa tatu atasema hapana, marufuku imefutwa, mambo yamerudi kama zamani.

Wote watatu wamekosea. Kosa lao linaeleweka, kwa sababu habari hii huwa inasimuliwa kwa upande wa England tu, kisha Uskoti inabebeshwa hadithi ya jirani.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Jukwaa la kusimama ni ngazi pana zilizopangwa kwenye mteremko, za mbao, za udongo ulioshindiliwa au za zege, zisizo na kiti hata kimoja. Shabiki alilipa getini, akaingia, akajitafutia pa kuweka miguu. Hapa na pale palisimikwa vyuma vya kuegemea, urefu wa kifuani, kazi yake kukata msukumo wa watu ili usiteremke wote kwa pamoja hadi chini. Uwanja wa viti pekee ni ule ambao kila aliyekata tiketi ana kiti chenye namba yake. Kuna na kitu cha tatu, viti vya reli, ambavyo ndivyo vinavyozua ubishi wa vibandani, hivyo nitavifikia.

Jambo lingine la kuweka sawa ni kwamba Uskoti imo ndani ya Uingereza, lakini ina mahakama zake, mambo mengi ya kisheria ya peke yake, na shirikisho lake na ligi yake ya soka. Amri iliyotolewa kwa viwanja vya Manchester au Liverpool haivuki mpaka wa kaskazini yenyewe tu. Asiyelijua hili hawezi kuielewa habari nzima.

Viwanja vilivyomeza umati

Mwanzoni mwa karne ya 20, Glasgow peke yake ilikuwa na viwanja vitatu vikubwa kuliko karibu vyote duniani: Hampden Park, Ibrox ya klabu ya Rangers, na Celtic Park. Soka lilikuwa starehe ya vibarua wa viwanda vya meli na wachimba makaa, waliotoka kazini Jumamosi mchana na kuelekea uwanjani moja kwa moja. Walitaka kiingilio cha bei ndogo, na njia rahisi ya kukipata ilikuwa kuwasimamisha.

Tarehe 5 Aprili 1902, Uskoti ilipocheza na England pale Ibrox, sehemu ya jukwaa jipya la mbao iliyoshikiliwa na nguzo za chuma ilipasuka chini ya miguu ya watu. Walianguka takriban mita 12. Watu 25 walikufa na zaidi ya 500 waliumia. Mechi, usiniulize kwa nini, iliendelea hadi mwisho. Mhandisi aliyelichora jukwaa lile, Archibald Leitch, mzaliwa wa Glasgow, angeweza kupotelea hapo. Badala yake alirudi na ramani mpya: majukwaa yalale juu ya vilima vya udongo badala ya kuning’inia hewani, yawe na vyuma vya kukata msukumo na njia za kupitia zilizopangwa. Kwa miongo iliyofuata Leitch alichora viwanja kila pembe ya Uingereza.

Udongo haupasuki. Kwa hiyo hofu ikaondoka na idadi ikapanda. Aprili 1937, Hampden Park ilipokea watazamaji 149,415 kwa mechi ya Uskoti na England, na wiki moja baadaye fainali ya Kombe la Uskoti kati ya Celtic na Aberdeen ikavuta watu zaidi ya 146,000. Ibrox ilifikisha 118,567 kwenye mechi ya ligi kati ya Rangers na Celtic Januari 2, 1939. Hata mwaka 1970, Celtic walipokutana na Leeds kwenye nusu fainali ya Kombe la Ulaya, Hampden ilihesabu watu 136,505.

Namba hizo zimeandikwa kwa uhakika mkubwa kuliko zinavyostahili. Ilikuwa desturi ya Uskoti nzima mtoto kunyanyuliwa na mtu mzima, mara nyingi asiyemjua kabisa, akavushwa juu ya geti la kuzunguka na kuingia bure. Geti lilihesabu waliolisukuma. Watoto waliopita juu yake hawakuwamo kwenye hesabu, na hakuna aliyejua nani kasimama wapi ndani.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Abiria wa daladala anajua tofauti ya “level siti” na gari la kujaza. Gari likiwa la level siti, trafiki akichungulia dirishani mara moja anajua kama limezidisha, maana kiti ama kina mtu ama hakina. Likiruhusiwa kusimamisha, hakuna mwisho: konda atasema “sogeeni kidogo nyuma” na daima kutapatikana nafasi ya mmoja zaidi, mpaka anayeshuka ashindwe kushuka. Jukwaa la kusimama lilikuwa gari la aina hiyo ya pili. Kusimama kwenyewe hakumuui mtu. Kinachoua ni umati usio na hesabu, na njia nyembamba ya kutokea.

Ngazi namba 13

Januari 2, 1971, Ibrox, Rangers na Celtic, watu wapatao 80,000. Hadi dakika za mwisho hakuna goli. Jimmy Johnstone akaifungia Celtic, na kabla kipenga hakijalia Colin Stein akaisawazishia Rangers. Watu 66 hawakurudi nyumbani siku ile.

Hadithi iliyosambaa, na ambayo bado inasimuliwa hata na watu wenye nia njema, ni kwamba mashabiki wa Rangers waliokata tamaa walikuwa wanaondoka, wakasikia kelele za goli la Stein, wakageuka kupanda ngazi na kugongana na waliokuwa wakishuka. Ni hadithi nzuri sana kusimulia. Ina goli, ina tamaa, ina majuto. Na si kweli. Uchunguzi ulionyesha kwamba maafa yalitokea dakika kadhaa baada ya mpira kwisha, na wote waliokuwa kwenye ngazi ile walikuwa wakielekea upande mmoja, chini. Mtu mmoja au wachache walijikwaa, waliokuwa nyuma wakaendelea kusukumwa na waliokuwa nyuma yao, na uzio imara wa pembeni haukuruhusu mtu kuchepuka. Wengi walikufa kwa kubanwa kifua wasiweze kuvuta pumzi. Baadhi wakiwa wima, maana hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Watano walikuwa wavulana wa kijiji kimoja, Markinch, huko Fife.

Naikazania hadithi hii ya uongo kwa sababu ina madhara. Inawatupia marehemu lawama, kwamba waligeuka kwa pupa ya goli. Ukweli ni kwamba ngazi namba 13 ilijulikana. Ilikuwa ngazi kali, ndiyo ya karibu zaidi na kituo cha treni ya chini ya ardhi, kwa hiyo kila mtu aliikimbilia. Mwaka 1961 watu wawili walikufa hapo hapo. Mwaka 1967 wengine wakajeruhiwa, na 1969 tena. Mwaka 1974 mahakama ya Glasgow ilisema wazi kwamba klabu ilizembea.

Angalia pia palipotokea maafa: kwenye ngazi ya kutokea nje, si kwenye jukwaa. Viti peke yake visingeiokoa ngazi ile kama watu wale wale 80,000 wangeruhusiwa kuikimbilia kwa pamoja. Lakini viti vinapunguza idadi ya watu ndani, na idadi ikipungua ngazi zinapumua.

Serikali ilimpa kazi jaji wa Uskoti, Lord Wheatley, naye akatoa ripoti mwaka 1972. Kutokana nayo ikazaliwa Sheria ya Usalama wa Viwanja vya Michezo ya 1975, iliyohusu Uingereza bara yote, Uskoti ikiwemo. Sheria hiyo haikusema neno kuhusu kukaa. Ilisema uwanja mkubwa lazima uwe na cheti cha usalama kutoka kwa mamlaka ya eneo, na cheti kitaje idadi ya juu ya watu. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu mwenye kisheria uwezo wa kuwaambia wenye klabu: hapa inatosha.

Waliokaa kabla ya kuambiwa

Ukimuuliza mtu viti vilianza lini, atakujibu baada ya Hillsborough, 1989. Uskoti ilianza miaka kumi na zaidi kabla.

Clydebank, klabu ndogo ya pembeni mwa Glasgow, mwaka 1977 ilipigilia mabenchi juu ya ngazi za uwanja wake wa Kilbowie. Ilikuwa ujanja wa kihasibu: mabenchi yaliishusha idadi chini ya watu 10,000, na kwa hiyo klabu ikakwepa gharama za cheti. Mwaka uliofuata Aberdeen wakaweka viti na mabenchi uwanja wao wote wa Pittodrie, mwaka ule ule alipowasili kocha kijana aitwaye Alex Ferguson. Mabishano ya nani hasa wa kwanza Uingereza nzima hayajaisha; watu wa Aberdeen wanasema benchi la Clydebank halihesabiki, ilhali na wao wenyewe walikuwa na mabenchi.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika Ibrox. Willie Waddell, aliyekuwa meneja wa Rangers siku ya maafa ya 1971, hakutaka kuweka viraka. Alivutiwa na uwanja wa Dortmund, Ujerumani, uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1974, na kati ya 1978 na 1981 vilima vitatu vya Ibrox vikabomolewa na kupandishwa majukwaa matatu ya viti. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye bahati nasibu ya klabu, yaani mashabiki wenyewe shilingi kwa shilingi. Uwanja uliowahi kubeba watu 118,000 ukabaki na nafasi 44,000 hivi, huku sehemu ndogo ya kusimama ikiachwa mbele ya jukwaa kuu. Kuna kinaya hapo: Dortmund hiyo hiyo leo inasifika kwa jukwaa lake la kusini ambako karibu watu 25,000 wanasimama.

St Johnstone wa Perth nao waliuza uwanja wao wa zamani, wakapewa shamba na mkulima mmoja wa mjini humo, na Agosti 1989 wakafungua McDiarmid Park, uwanja wa kwanza Uingereza wa zama hizi kujengwa tangu msingi kwa viti pekee. Ujenzi ulikuwa umeanza kabla ya Hillsborough kutokea.

Na kabla hujachanganya hili na lile: marufuku ya pombe kwenye viwanja vya Uskoti haihusiani na haya. Hiyo ilitokana na fujo za fainali ya Kombe la Uskoti ya Mei 1980, Rangers na Celtic walipovamiana katikati ya Hampden. Pombe ilizuiwa kwa sababu ya ugomvi, na viti vikaja kwa sababu ya kubanana. Watu wengi huvitia vyote kwenye kapu moja la “uhuni wa mashabiki”, na kwa kufanya hivyo wanawasingizia waliokufa Ibrox na Hillsborough.

Sheria ya England, kanuni ya Uskoti

Aprili 15, 1989, uwanja wa Hillsborough, Sheffield, England, mashabiki wa Liverpool walibanwa nyuma ya uzio wa jukwaa la kusimama. Idadi ya waliokufa imefikia 97. Jopo la wazee wa mahakama lilisema mwaka 2016 kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Ripoti ya mwisho ya jaji Lord Taylor ilitoka Januari 1990. Ilipendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti pekee, England na Uskoti pia. Taylor hakudai kwamba kiti ni dawa ya kila kitu. Alisema kinasaidia kuliko hatua nyingine yoyote moja.

Sasa tazama njia zilivyoachana. England na Wales, serikali ilitumia Sheria ya Watazamaji wa Soka ya 1989, na kwa madaraja mawili ya juu kukaa kukawa sharti la kisheria. Sheria hiyo haikuigusa Uskoti. Kaskazini ya mpaka, vilabu vikubwa vilikubali pendekezo la Taylor bila kulazimishwa na bunge, na ligi ikaliweka kwenye kanuni zake. Kwa maneno mengine, haijawahi kuwapo sheria ya nchi inayomkataza Mskoti kusimama kwenye mechi ya mpira. Iliyokuwapo ni kanuni ya mashindano, kama ile inayodai taa za usiku au ukubwa fulani wa uwanja. Kanuni ya mashindano hubadilishwa na kikao cha wenye vilabu.

Fedha zilipatikana. Serikali ilipunguza kodi ya kamari ya kubashiri matokeo, na kiasi kilichosamehewa kikaelekezwa kwenye ukarabati wa viwanja. Hampden ikawekewa viti kwa awamu hadi 1999, ikabaki na nafasi kama 52,000. Kwa kuwa viti vilipangwa juu ya mteremko ule ule wa zamani usio mkali, wa nyuma ya magoli wanalalamika mpaka kesho kwamba wako mbali na mpira. Celtic walikuwa hoi kifedha mpaka Fergus McCann alipoichukua klabu Machi 1994. Msimu wa 1994/95 walihamia Hampden, sehemu kubwa ya Celtic Park ikabomolewa na kujengwa upya hadi kufikia viti 60,000. Jukwaa lao la kusimama lililoitwa Jungle, ambalo ndilo lililokuwa likianzisha nyimbo za uwanja mzima, lilifungwa 1993.

Vilabu vidogo ndivyo vilivyoumia. Ligi Kuu mpya ilipoanza 1998 ilidai viti 10,000, na kwa maoni yangu hapo usalama ulikuwa umeshageuka kisingizio. Kiti kinamlinda mtu. Viti 10,000 kwa klabu yenye mashabiki 4,000 vinawalinda wakubwa wasishuke daraja. Falkirk walitwaa ubingwa wa daraja la kwanza 2003 wakakataliwa kupanda kwa sababu ya uwanja wao wa Brockville, na Motherwell waliomaliza mkiani wakabaki. Inverness Caledonian Thistle walipopanda 2004 walilazimika “kucheza nyumbani” huko Aberdeen, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, hadi kanuni iliposhushwa kuwa viti 6,000 na wakarudi kwao Januari 2005. Hata hizo 6,000 zina vituko vyake. Ross County, waliopanda Ligi Kuu 2012, wanatoka Dingwall, mji wenye wakazi kama 5,500. Uwanja una viti vingi kuliko watu wa mji.

Reli

Turudi kwenye ile pembe ya Celtic Park. Desemba 2011 ligi ililegeza kanuni yake na kuruhusu majaribio ya kusimama kwa usalama. Celtic waliomba, wakakataliwa zaidi ya mara moja na mamlaka ya usalama ya Glasgow, kisha wakakubaliwa 2015. Julai 2016 sehemu yenye nafasi kama 2,600 ikafunguliwa.

Kiti cha reli kimefungwa kwenye fremu ya chuma yenye upau wa kiunoni mbele ya kila safu. Kiti kinakunjwa na kufungwa, shabiki anasimama na upau mbele yake. Mechi ikidai watu wakae, kinafunguliwa. Anayedhani hii ni jukwaa la zamani limerudi aangalie mambo mawili. Kwanza, upau uko kila safu, kwa hiyo mtu akisukumwa anaishia kwenye chuma chake, hawezi kuteremka na safu kumi za mbele yake. Pili, kila aliyesimama ana tiketi yenye namba ya kiti kimoja. Pale Celtic Park nafasi ya mtu mmoja imebaki ya mtu mmoja. Kwenye majukwaa ya kusimama, mwongozo wa usalama wa Uingereza uliwahi kuruhusu hadi watu 54 kwa mita za mraba 10, baadaye 47, karibu mara mbili ya wanaoenea wakikaa.

England ilibidi isubiri serikali ibadilishe msimamo. Majaribio yake yalianza Januari 2022. Uskoti ilikuwa imewatangulia kwa zaidi ya miaka mitano, kwa sababu ilikuwa na kanuni ya kurekebisha tu, si sheria ya kupeleka bungeni. Kilmarnock walifuata 2019, mashabiki wakichangishana wenyewe kulipia reli zao.

Na madaraja ya chini? Huko kanuni ya Ligi Kuu haikufika. Ukienda Somerset Park mjini Ayr, au Gayfield ya Arbroath ambako upepo wa Bahari ya Kaskazini unaugeuza mpira wa kona hewani, utawakuta watu wamesimama kwenye ngazi za zege wakila mkate wa nyama wa moto, kama babu zao. Uwanja una cheti chake, na cheti kina idadi yake.